Divai ya mwaka wa binti yangu

Wiki iliyopita mmoja wenu alinisimamisha sokoni na kuniuliza kama ni kweli kwamba divai ya Ulaya kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa nzuri. Mkwe wake amemletea chupa, naye anataka kuiweka kabatini mpaka Krismasi ya 2030. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Jibu ninalo, na lilinigharimu.

Binti yetu mkubwa alizaliwa 2005. Mwaka 2008 shemeji yangu, anayefanya kazi Ufaransa, alikuja likizo na chupa moja ya divai nyekundu iliyovunwa mwaka uleule aliozaliwa mtoto. Ilikuwa Hermitage, zawadi ya mwenye shamba aliyemsaidia kuvuna zabibu. Akatuambia: huko watu huweka divai ya mwaka wa mtoto, huja kuifungua akishakuwa mtu mzima. Bwana yangu akaipandisha juu ya kabati la sebuleni, imesimama wima, jina likitazama wageni. Nami nikawa naipangusa vumbi kila Jumamosi.

Mama mkwe hakupendezwa. Kila sikukuu alikuwa akiuliza, "Mama, hii ni ya kunywa ao ni ya kutazama?" Nilipojifungua mtoto wa pili alitaka ifunguliwe iniongezee damu. Nilikataa, na hapo nilikuwa sahihi, ingawa sababu yangu ilikuwa ubahili tu. Wekundu wa divai unatoka kwenye maganda ya zabibu, hauna uhusiano na damu. Mzazi aliyepungukiwa damu anahitaji sombe, samaki, maharagwe na vidonge vya chuma anavyopewa kliniki. Na aliye mjamzito asionje pombe hata kidogo, iwe ya Ulaya iwe ya hapa.

Mwaka 2023 binti akapata diploma yake ya Serikali. Tulichinja mbuzi, tukaita majirani, bwana akashusha chupa. Kizibo kilivunjikavunjika kama mkate mkavu. Divai ilitoka rangi ya chai, ikinuka siki. Binti alikunywa kidogo kwa heshima, akatabasamu, akaweka kikombe chini. Mama mkwe alikinusa chake na hakusema neno. Ningependa angenigombeza.

Jioni tulimpigia shemeji. Alisikitika, kisha akatueleza jambo ambalo angetueleza tangu 2008, na mimi ningemwuliza.

Hermitage ni kilima cha mawe juu ya mji wa Tain, kando ya mto Rhône. Divai yake nyekundu inatokana na zabibu iitwayo Syrah. Zamani watu walidai mzabibu huo uliletwa kutoka Shiraz, nchi ya Uajemi, lakini mwaka 1998 wataalamu walipima vinasaba vyake, wakakuta mama yake ni Mondeuse Blanche na baba yake Dureza, yote mizabibu ya Ufaransa kusini-mashariki. Sisi wa Yangambi hatushangai kusikia mmea una mama na baba. Hapa hapa, wakati wa INEAC, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 kwamba mchikichi wa tenera, wenye ganda jembamba na mafuta mengi, ni mtoto wa dura na pisifera.

Sasa Syrah ikiwa changa ina ukakasi mkali. Unajua ulimi unavyokauka ukiuma ndizi mbichi? Ndivyo. Ukakasi huo, pamoja na uchachu wake, ndio unaoilinda chupa isiharibike upesi. Miaka ikipita ukali unalainika, rangi inafifia, harufu ya matunda inageuka kuwa kama ya ngozi na moshi, na machicha yanatua chini. Chupa nzuri ya Hermitage inaweza kukaa miaka 20, hata 30. Ile iitwayo La Chapelle ya mwaka 1961 bado inasifiwa mpaka leo.

Lakini inakaa wapi? Katika shimo la chini ya nyumba, gizani, kwenye baridi ya digrii 12 au 14 mwaka mzima, imelazwa ili divai iloweshe kizibo. Sisi wastani wetu ni digrii 25 hivi, na juu ya kabati chini ya bati mchana ni zaidi sana. Joto linaiharakisha divai, inazeeka kabla ya wakati. Ikiwa imesimama, kizibo kinakauka, hewa inaingia, na hewa ndiyo inayoifanya siki. Kwa hiyo chupa yangu haikuwa mbaya. Niliiua mimi kwa kuipenda.

Ajabu ni kwamba jambo hilo tunalijua tangu utotoni. Masanga ya mbila mgema akileta asubuhi ni matamu, jioni yamekolea, kesho kutwa ni siki. Hakuna mama wa hapa anayeweza kudanganywa akayaweka kwa ajili ya arusi ya mwezi ujao. Mbele ya chupa yenye karatasi ya Kifaransa tu ndipo akili zetu zinakwenda likizo.

Basi, mama uliyeniuliza: kama una chupa ya namna hiyo na huna pa baridi, usiipe miaka. Miezi michache inatosha, imelazwa chini ya kitanda, mbali na jiko na dirisha. Siku moja kabla ya kuifungua isimamishe ili machicha yashuke, kisha mimina polepole. Machicha hayadhuru, yanakwaruza ulimi tu. Nusu saa kabla ya chakula itie kwenye ndoo ya maji ya kisima, maana ikinywewa na joto letu inachoma koo. Nyama ya mbuzi inaifaa kuliko samaki.

Desemba iliyopita shemeji alikuja tena, na chupa ya Cornas, ambayo nayo ni Syrah tupu, kwa ajili ya kijana wetu wa kiume. Kijana ana miaka 13, hataionja. Bwana alianza kuangalia juu ya kabati, nikamwangalia. Mama mkwe sasa ana miaka 81 na macho yamepungua. Nimemwambia ni Jumapili hii, baada ya misa. Ameniuliza kama ni kweli au ninamtania, kisha akasema atakuja na kikombe chake mwenyewe, cha kioo, kile alichopewa siku ya arusi yake.