Injini Ziliimbwa, Hewa Ikasahauliwa

Wasimuliao mashindano ya mashua za kasi za miaka ya 1970 na 1980 hupenda kuzitaja injini tu: jinsi OMC, waliounda Johnson na Evinrude, walivyoshindana na Mercury, hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaleta injini ya silinda 8, lita 3.5, dhidi ya zile za silinda 6. Kwa maoni yangu, masimulizi hayo yameacha jambo lililo kubwa zaidi.

Mashua za Mwitalia Angelo Molinari zilikuwa na matumbo mawili, na kati yake nafasi mfano wa handaki. Hewa iliyoingia humo iliinyanyua mashua hata ikagusa maji kidogo tu, na msuguano ukapungua. Lakini mnyanyuo huo huongezeka kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara 2, mnyanyuo huwa mara 4. Tena pua ikiinuliwa kidogo na wimbi, hewa huisukuma zaidi. Huzidi kuinuka, na mashua hupinduka chali.

Basi kila nguvu ya farasi iliyoongezwa ilimsogeza dereva karibu na mpaka huo. Mwaka 1984 madereva kadhaa walifariki mashindanoni. Ndipo Mwingereza Chris Hodges alipobuni chumba imara cha kumkinga dereva. Hesabu niliyoitaja hapo juu mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuifanya ubaoni, wahandisi hawakuikosa. Ila injini ndiyo iliyouzwa madukani, na fedha za utafiti zikaifuata.