Bwawa Halianzii Ukingoni

Imeenea miongoni mwetu dhana, inayotamkwa majukwaani na kurudiwa barazani kana kwamba haihitaji dalili, ya kwamba bwawa la maji ya kunywa likishapimwa mita 60 kutoka ukingoni, vigingi vikachomekwa, na wakulima na wafugaji waliokuwamo wakafurushwa, basi maji yamekwisha salimika. Dhana hiyo ni batili, na madhara yake ni makubwa.

Siilaumu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyoweka mita hizo. Majani yakiachwa yamee ukingoni huzuia samadi isiingie majini, na hiyo ni faida. Lakini twendeni Mindu, bwawa lililojengwa katika miaka ya 1980 juu ya mto Ngerengere ili kuwanywesha watu wa Morogoro. Mvua za masika zinapoanza, sehemu kubwa ya tope liingialo humo haitoki ukingoni, bali hushuka na mito kutoka miteremko ya Uluguru, katika mashamba ya mahindi na maharage yaliyolimwa bila kinga, na kigingi cha zege hakijapata kuuzuia mto. Chota maji ya mto katika chupa baada ya mvua ya usiku, uyaweke dirishani hata alasiri, nayo yatajitenga: juu maji ya rangi ya chai, chini utando wa udongo laini, ule ule uliokuwa jana ukiotesha mahindi ya mtu. Mkulima ameupoteza, na bwawa limeupata bila ya kuuhitaji; nao hutuama chini ukachukua mahali pa maji, hata bwawa lile lile, lenye ukuta ule ule, likaweka akiba pungufu mwaka baada ya mwaka. Mtambo waweza kuyatia maji shabu ukayatakasa, lakini hauwezi kulirudishia bwawa kina chake.

Yamkini atatokea wa kusema: basi amri ipande mlimani. Amri ilikwisha panda. Serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, na mahali pengi matuta hayo yakafukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia ule wa juu, ikawa mtu hutoa jasho lake ili avune kidogo kuliko alivyovuna jana. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. Sijui kwa nini habari hii haisimuliwi kila panapokaa kamati ya bwawa, maana ndani yake mna mafunzo yote tunayoyahitaji: mwenye shamba hakukataa kuuhifadhi udongo, alikataa kudhulumiwa.

Jiji la New York lilifahamu hivyo. Mwaka 1997 lilifunga mkataba na miji ya milima ya Catskill, yanakotoka maji yake mengi, likagharimia kazi za hifadhi katika mashamba ya huko na kununua ardhi kwa wale tu waliokuwa radhi kuuza, likaepukana na mtambo wa kuchuja ambao ungeligharimu mabilioni ya dola. Hata Uluguru kwetu wakulima wa Kibungo Juu walipata kulipwa kwa kuuzuia udongo usishuke mtoni.

Kwa hiyo nadai mpango unaolifuata bonde zima, si ukingo wake. Sheria ya mwaka 2007 inavipa vijiji haki ya kupanga matumizi ya ardhi, ila mpango wa kijiji hukoma mpakani mwa kijiji, ilhali tope halijui mpaka. Kabla ya masika yajayo, wapimaji na wapande na kamba zao mlimani, waketi mkekani na wenye mashamba, wakubaliane shamba gani lichimbwe makinga maji na korongo lipi lipandwe mabingobingo. Na ujira wa kazi hiyo utolewe katika ankara za maji zetu sisi tunaokunywa huku chini.