Kabla hujalipia cheti cha wingu, jenga kitu kwanza

Kila wiki kuna mtu ananiuliza swali hilo hilo kwenye WhatsApp: "Bro, nisome kozi gani ndio nipate kazi ya wingu?" Ameona tangazo la mhandisi wa miundombinu na usalama wa wingu, ameona mshahara, moyo ukaruka. Akashuka kwenye masharti: Linux, mitandao, usalama, uzoefu wa miaka mitatu hadi mitano. Hapo ndipo anaanza kutafuta cheti cha haraka.

Wacha nijibu mara moja, halafu nitakuwa nawatumia hii. Cheti si kibaya, lakini chenyewe tu hakikuingizi. Kinachokuingiza ni kitu ulichojenga, kikafanya kazi, kikaharibika, ukakirekebisha.

Kwanza elewa kazi yenyewe. Unakumbuka Julai 2023, eCitizen ilipolala? Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijigamba kuwa ndilo lililoishambulia. Huduma za serikali zikakwama, hata kukata tiketi za SGR kukawa shida. Aliyekuwa Waziri wa ICT, Eliud Owalo, alikiri kwamba shambulio lilitokea, akasema hakuna data iliyopotea.

Shambulio la aina hiyo ni rahisi kulielewa ukiwa Mtito Andei. Chukua hoteli moja hapa ambapo mabasi ya Mombasa husimama. Ukitaka kuifunga huhitaji kuvunja mlango. Leta watu 1,000 wasionunua chochote, wajaze foleni wakiuliza bei ya chai. Abiria wa kweli watabaki nje na njaa mpaka basi liondoke. Mhandisi wa wingu ndiye anayetakiwa kutambua wateja bandia, kuwazuia mlangoni na kufungua dirisha la pili, bila kumfukuza mteja halali.

Sasa jiulize: cheti cha wiki mbili kitakufundisha hayo?

Anza chini. Jifunze Linux mpaka usiogope ile skrini nyeusi. Jifunze mitandao: anwani ya IP ni nini, DNS inafanya nini, kwa nini lango moja liwe wazi na lingine lifungwe. Kisha jifunze kuandika skripti, Python au Bash, ili kazi unayoirudia kila siku ifanywe na mashine. Baada ya hapo ndipo uguse wingu lenyewe na vifaa kama Terraform.

Kwenye usalama, kariri jambo moja: kampuni ya wingu inalinda majengo na mashine zake, mipangilio ya ulivyoviweka humo ni juu yako. Ni kama nyumba ya kupanga. Landlodi amekupa mlango na kufuli, lakini ukiacha ufunguo dirishani usimlaumu. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilivuja data za watu zaidi ya milioni 100, na chanzo kikubwa kilikuwa mipangilio mibovu na ruhusa zilizozidi. Ndiyo maana suala la nani anaruhusiwa kufanya nini ni nusu ya kazi hii.

Mimi mwenyewe nimechomeka hapo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, nikarudi nyumbani na laptopu ya mtumba. Siku moja niliweka msimbo wa mradi wangu hadharani, ufunguo wa akaunti ukiwa ndani. Kuna roboti zinazopekua msimbo wa watu usiku na mchana zikitafuta funguo kama hizo. Kufika asubuhi, mtu alikuwa amewasha mashine kubwa kubwa kwa jina langu, na bili ilikuwa ya dola. Nilitetemeka, wacha tu.

Nilifuta ufunguo, nikazima mashine, nikaomba nisamehewe bili. Walinifutia sehemu kubwa. Kisha nikaandika ukurasa mmoja: nini kilitokea, saa ngapi, nimebadilisha nini. Nilipoitwa mahojiano, ukurasa huo ndio uliozungumziwa kuliko kitu kingine chochote. Sikupata kazi ya lile tangazo la ndoto. Nilipata zamu ya usiku ya kuangalia mifumo ya watu isianguke. Lakini huo ndio uzoefu wenyewe, na unahesabika.

Uzoefu wako uko karibu nawe. Chama cha mama, kanisa, duka la vipuri: kuna daftari linalohitaji mfumo mdogo. Uweke, weka nakala rudufu, kisha jaribu kuirejesha uone kama kweli inarudi. Data za watu zichunge, kuna sheria ya mwaka 2019. Na usijaribu kupenya mfumo wa mtu bila ruhusa ya maandishi. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 haitajali kwamba ulikuwa unajifunza. Ukitumia akaunti ya bure ya wingu, weka kikomo cha matumizi na tahadhari ya bili siku ya kwanza.

Nanyi waajiri, kazi ya kuanzia inayodai miaka mitano si ya kuanzia. Kituo cha data cha kitaifa kiko Konza, kwenye barabara hii hii ya Mombasa. Vijana wa ukanda huu wasiishie kuwa walinzi wa geti lake. Wapeni miezi sita ya kujifunza, yenye malipo.

Wewe nawe, wikendi hii weka Linux kwenye ile laptopu. Washa seva, iangushe, iinue, andika ukurasa mmoja. Halafu nitumie huo ukurasa, tuongee kuhusu cheti.