Breki isiyoachia

Ndugu msomaji, wiki tatu zilizopita nilikuwa nikiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo na gari la parokia. Wanaoifahamu barabara ile, kilometa zipatazo 33 za kona juu ya kona, wanajua kwamba pale husali hata dereva ambaye si mtu wa sala. Kabla ya kufika Soni nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Gari lilikuwa likivutia upande wa kushoto, na hata kwenye mteremko lilikwenda kwa uzito, kana kwamba limebeba mawe. Nikasimama pembeni, nikashuka. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa la moto kiasi kwamba sikuweza kusogeza mkono karibu na rimu. La kulia lilikuwa na joto la kawaida tu.

Gari hilo lina umri wa zaidi ya miaka 20 na limewahudumia maparoko kadhaa kabla yangu. Nikampigia fundi wetu. Alikuja kwa bodaboda, mfuko wa spana begani. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu mengine, akapiga jeki, akajaribu kulizungusha gurudumu kwa mkono. Halikusogea, ingawa mguu wangu haukuwa kwenye breki.

Alinieleza anachofanya, kwa maana anajua napenda kuuliza. Kwanza alilegeza skrubu ndogo ya kutolea upepo. "Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia," alisema, "ugonjwa uko juu, kwenye mpira wa breki au kwenye masta silinda. Lisipoachia, ugonjwa uko hapa hapa kwenye kalipa." Gurudumu halikuachia. Basi akairudisha pistoni ndani kwa nguvu, akakaza skrubu, akahakikisha pedali iko sawa, tukateremka taratibu kwa gia ya pili hadi gereji yake.

Pale aliifungua kalipa yote. Kalipa ya gari letu hukaa juu ya pini mbili ambazo lazima ziteleze. Pini moja ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa imeshikwa na kutu, kwa sababu raba inayoifunika ilichanika siku nyingi na maji na vumbi vikaingia. Pedi ya ndani ilikuwa imeliwa karibu kufika chuma, ya nje ingali nene. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

"Padri," akasema fundi akifuta mikono, "breki zako zinashika vizuri sana. Shida yake ni kwamba haziachii."

Alisema hivyo kuhusu gari, lakini mimi nilimkumbuka mtu.

Miaka mitatu iliyopita, katekista wa kigango kimoja cha parokia yangu alitumia kwa mambo yake fedha za michango ya kuezeka kanisa. Ninasimulia haya kwa ruhusa yake, na wala si siri ya maungamo. Lilikuwa jambo la hadharani. Aliitwa mbele ya halmashauri ya walei, akakiri, akaomba radhi. Nikamsimamisha utumishi kwa mwaka mmoja na kumtaka arudishe fedha zote. Sijutii hatua hiyo. Waamini walikuwa wameuza kuku na maharage kupata michango ile, na paroko asiyekanyaga breki mahali kama hapo anawadharau maskini.

Katekista alirudisha fedha yote, kidogo kidogo, hadi shilingi ya mwisho. Mwaka ukaisha. Halmashauri wakaniuliza, nikawajibu, "Tusubiri kidogo." Mwaka wa pili wakauliza tena, nikatoa jibu lile lile. Mwaka wa tatu hawakuuliza. Yeye mwenyewe alianza kukaa benchi la mwisho kanisani, kisha nje chini ya mti, kisha sikumwona tena. Nami nilijiambia kwamba natunza nidhamu ya parokia. Kumbe nilikuwa nimeshatoa mguu kwenye pedali, na breki ilikuwa ingali imeng'ata.

Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 2, Mtume Paulo anamzungumzia mtu aliyeihuzunisha jumuiya na kuadhibiwa na walio wengi. Tungetegemea Mtume awaambie wakaze zaidi. Anawaambia kinyume chake: adhabu aliyoipata inatosha. Sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni kubwa mno. Na anaongeza kwamba kutofanya hivyo ni kumwachia Shetani nafasi. Kwa Paulo, basi, Shetani huingia pia kwa mlango wa jumuiya yenye haki isiyojua kuishia.

Seminarini tulifundishwa kwamba adhabu kama kutengwa na Kanisa huitwa adhabu za uponyaji. Kanuni ya 1358 ya Sheria ya Kanisa inaeleza kwamba adhabu ya namna hiyo haiondolewi kwa mtu anayeendelea na ukaidi. Lakini akishauacha ukaidi wake, hawezi kunyimwa maondoleo. Somo hilo nililifanyia mtihani na nikafaulu. Kulitenda parokiani ndiko kulikonishinda.

Wala si mapadri peke yetu. Nimeona kwaya ambamo binti aliyepata mtoto nje ya ndoa alivuliwa sare. Mtoto sasa yuko darasa la tatu, na mama yake bado haruhusiwi kuimba. Baba wa mtoto yuleyule anaimba besi kila Dominika. Serikali yetu ilikwisharuhusu tangu mwaka 2021 wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Je, ubao wa darasa uwe na huruma kuliko altare? Nimeona pia baba ambaye hajala meza moja na kijana wake kwa sababu ya kosa la zamani, na mke anayemkumbusha mumewe kila mwezi deni ambalo lilikwishalipwa. Wote hao wataniambia, "Padri, nimesamehe." Huenda ni kweli, kama ilivyokuwa kweli kwamba mguu wangu haukuwa kwenye breki. Lakini gurudumu ndilo linalotoa ushahidi.

Nilimuuliza fundi ni kitu gani hasa huirudisha pistoni nyuma dereva anapoachia pedali. Nilidhani kuna springi kubwa ndani. Akanionyesha raba nyembamba ya mviringo inayoizunguka pistoni. Pistoni inaposukumwa mbele, raba hiyo hujipinda kidogo. Msukumo unapokwisha, hurudi kwenye umbo lake na kuivuta pistoni nyuma nayo. Kipimo chake ni chini ya milimita moja, lakini kinatosha gurudumu lizunguke huru. Raba ikikauka, au kutu ikiishika pistoni, kile kidogo hakifanyiki, na gari zima linaungua.

Ndivyo ilivyo kwetu. Mara nyingi kinachotakiwa ili kumwachia mtu ni kidogo tu: kumwita kwa jina lake la heshima, kumpa somo la kusoma katika Misa, kukaa karibu naye msibani. Lakini moyo uliokauka hauwezi hata hicho kidogo.

Tena fundi hakuridhika kubadilisha pedi peke yake, ingawa ndizo zilizoonekana zimeharibika. "Nikiweka pedi mpya juu ya pini yenye kutu," alisema, "utarudi hapa hivi karibuni." Aliisugua pini kwa msasa hadi ikang'aa, akaweka raba mpya na grisi maalumu inayostahimili joto, kwa maana grisi ya kawaida huivimbisha raba na kuharibu zaidi. Akabadilisha raba ya pistoni, akaweka pedi mpya kushoto na kulia, maana zikibadilishwa upande mmoja gari litavuta tena. Mwisho akamwaga mafuta yote ya breki. Mafuta hayo, alinieleza, hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, hata kama gari halina kosa lolote. Kwa daraja la DOT 3, kiwango cha chini cha kuchemka yakiwa mapya ni nyuzi joto 205. Yakishakunywa maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka mteremkoni, pedali inazama na breki haipo tena. Kwa hiyo breki ile ile inayong'ata bila sababu ndiyo inayoweza kukosekana siku inapohitajika kweli. Paroko anayeshikilia makosa yaliyokwisha kulipwa naye anafika siku ya kuonya kosa jipya, na hakuna anayemsikiliza.

Najua wapo watakaouliza, "Padri, unataka tuondoe breki?" Hapana. Anayeshuka Soni bila breki hafiki Mombo. Kumwachia mtu hakumaanishi kumkabidhi tena kila kitu. Aliyewadhuru watoto asirudishwe kamwe mahali penye watoto, hata akitubu kwa machozi. Huko ni kuwalinda wadogo, na toba ya kweli haiwezi kulilalamikia hilo. Aliyekosa katika fedha anaweza kurudi kufundisha bila kurudishiwa sanduku. Lakini mahali ambapo kosa limekiriwa, hasara imelipwa na muda uliowekwa umekwisha, kuendelea kushika ni kosa jipya, na mwenye kosa hilo ni sisi.

Alhamisi baada ya gari kupona nilikwenda kwake. Nilimkuta akipalilia kabichi. Aliponiona alisimama, akaondoa kofia.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu," nikasema.

"Milele amina, Baba. Karibu."

Sikuwa nimemwita mwalimu kwa miaka mitatu. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwa sababu adhabu niliyompa ilikwisha zamani na mimi nikaendelea nayo bila kumwambia. Alinyamaza kitambo, akiangalia jembe lake. Kisha akasema, "Baba, mimi niliweka alama kwenye kalenda siku ile mwaka ulipotimia. Nilivaa shati jeupe, nikakaa nyumbani kusubiri uniite."

Maneno hayo sitayasahau. Hakuyasema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Tumekubaliana kwamba atafundisha darasa la kipaimara la kigango chake kuanzia mwezi ujao. Fedha za kigango zitaendelea kushikwa na watu wawili wengine, na yeye mwenyewe ndiye aliyelipendekeza hilo kabla yangu. Mkewe aliniambia pembeni kwamba bado haamini. Anaogopa nitasema tena tusubiri kidogo. Hofu hiyo ni halali, nami itanibidi niishi nayo hadi matendo yangu yatakapoiondoa.

Ndugu msomaji, dereva wa gari la zamani akifika safari hukagua magurudumu yote manne, aone kama lipo lenye moto kuliko mengine. Leo Dominika, kabla ya kulala, wapitie wale walio chini ya mkono wako: mtoto, mke au mume, mfanyakazi, mwanakwaya, mwanajumuiya. Uliza ni nani aliyekwisha kulipa na bado hujamwambia kwamba imekwisha. Huenda kuna mtu mahali fulani amevaa shati jeupe, anasubiri umwite.

Dominika njema.