Mshahara Haumalizwi na Unga

Kuna neno moja ambalo limekuwa kama sala katika nchi yetu: "Mshahara hautoshi." Mwalimu hulisema, mwuguzi hulisema, karani hulisema. Nililisikia katika ofisi za walimu miaka yote niliyoshika chaki, na nikalisikia tena nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Sikatai kwamba mishahara ni midogo. Ninachokataa ni neno hilo kugeuzwa kawa la kufunikia matumizi ambayo hakuna aliyetulazimisha kuyafanya.

Nieleweke vema. Simsemi mama auzaye ndizi juani, ambaye asipouza leo watoto wake hulala njaa. Kumhubiria huyo habari za akiba ni kumdhihaki. Nawasema watu wa namna yangu, tunaoijua tarehe ya mshahara au ya pensheni, tena tuliosoma hesabu na kuzifundisha.

Basi na tufanye hesabu. Mtu anayetumia shilingi 500 kila siku kwa soda, au kwa vocha ya kupigia porojo, kwa mwaka hutumia shilingi 182,500. Kabla Serikali haijafuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne, kuanzia Januari 2016, ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Soda ya baba ingewalipia ada watoto tisa na chenji ikabaki! Najua palikuwa na michango mingine ya shule. Hata hivyo, nawafahamu wenye mishahara ambao watoto wao walirudishwa nyumbani kwa sababu ya hiyo 20,000. Kisha ada ikafutwa, na mwaka 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na cha sita pia. Nauliza: fedha hiyo tuliyoachiwa iko wapi? Katika nyumba nyingi haikuonekana, maana mfuko uliotoboka haujazwi kwa kuongezewa.

Na tundu lililo kubwa kuliko yote si tumbo, ni sifa. Kadi ya mchango wa harusi huletwa ikiwa na kiwango kilichokwisha pangwa, mmoja kiasi hiki, wawili kiasi kile. Bado sendofu, bado kicheni pati, bado sare ya kitenge itakayovaliwa mara moja na kukunjwa. Watu hukaa vikao miezi mitatu kutafuta mamilioni ya kula usiku mmoja, na maharusi huamka asubuhi wakiwa hawana godoro.

Wapo watakaonijibu: "Mwalimu, usipochangia, utazikwa na nani?" Hilo ni kuchanganya mambo mawili. Kuzikana ni utu, na msiba haupigi hodi. Harusi hupangwa. Mtoe bwana harusi kwa kile ulicho nacho, hata kama ni debe la mchele, lakini usikubali undugu wako uandikiwe bei kwenye kadi. Ndugu atakayekununia kwa ajili ya hilo alikuwa ndugu wa kadi.

Msomaji ataona nakuza jambo dogo. Laiti lingekuwa dogo! Mwisho wa njia hii ni ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Akishindwa kurudisha mtaji, akawa analipa riba peke yake, baada ya mwaka atakuwa amelipa 240,000 na bado anadaiwa 100,000 ileile. Nimewaona walimu, watu wazima wenye vyeti, wamemkabidhi mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, wakawa wanakwenda kuomba sehemu ya mshahara wao wenyewe kama watoto wanaoomba nauli. Mwalimu wa namna hiyo atasimamaje mbele ya darasa na kufundisha kujitegemea?

Dawa si ngumu, ila haina sifa. Andika katika daftari kila senti itokayo kwa siku 30, bila kujidanganya. Siku ya mshahara tenga akiba kwanza, ndipo utumie, na akiba hiyo ipeleke katika chama cha kuweka na kukopa au katika kikoba cha watu mnaojuana; Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivyo, basi kisajilini. Acheni kununua sukari ya robo na mkaa wa kopo kila jioni ilhali mnaweza kuungana majirani watatu mkagawana gunia. Lowekeni maharage usiku, yataiva upesi na mkaa utabaki. Na kadi ikija, toa uwezacho, ushukuru, ulale.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Hatukupenda kuusikia usemi huo, tukaupenda zaidi ule wa haba na haba hujaza kibaba. Lakini hesabu yao ni moja. Tofauti ni mkono unaoifanya. Tudai mishahara bora, ni haki yetu. Ila anayeidai awe kwanza na daftari la kuonyesha ule wa mwezi uliopita ulikwenda wapi.