Mali ya Kijana na Mfereji wa Babake

Ndugu msomaji, ukishuka kutoka Moshi mjini kuelekea tambarare za kusini utafika Chekereni. Huko huoni migomba na kahawa ya mlimani. Huko ni majaruba ya mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani na kukamilika mwaka 1987, ulitengeneza hekta zipatazo 1,100 za mpunga, na Chekereni ni kimojawapo cha vijiji vyake. Wakaao huko wanajua jambo ambalo sisi wa pwani hatukulisoma: maji huwa ya wote kwenye karatasi, lakini anywaye kwanza ni aliye juu ya mfereji. Mradi ulipokwisha, watu wa upande wa juu nao walipanda mpunga, wakafungulia maji kwao, na wengi wa chini wakabaki na majaruba makavu.

Nilikwenda huko kumtazama jamaa yangu. Baada ya sala ya Alasiri akanijia kijana mmoja, miaka kumi na minane haina siku nyingi tangu aitimize. Akasema, "Shikamoo, maalim. Nina swali, lakini naona haya." Nikamwitikia, nikamwambia aulize.

Misimu miwili alifanya kibarua katika majaruba ya watu: kuotesha, kupalilia, kufukuza ndege. Kwa kuwa hakuwa na akaunti wala simu iliyosajiliwa kwa jina lake, ujira wake ulitumwa kwenye simu ya babake. Alipopata nafasi ya kujifunza ufundi akaomba fedha zake. Baba akamjibu kuwa zimeingia katika harusi ya ami yake, tena akamwekea na dini juu yake: "Wewe na mali yako ni vya babako." Kijana akanyamaza. Siku alipopata kitambulisho akaenda mjini kwa hasira, akakuta watu chini ya turubai wakigawa fulana na kufungulia watu akaunti. Akatia sahihi fomu ya Kiingereza asiyoisoma. Baadaye ukaja ujumbe katika simu, ukamwambia bonyeza namba upate fedha. Akabonyeza. Alipoweka ujira wake wa kwanza, ukakatwa mkopo pamoja na nyongeza yake.

"Maalim," akaniuliza, "mimi sasa ni mtu wa riba?"

Nilimwambia aliyotenda si madogo, kwani Mtume wetu (s.a.w.) amemlaani mla riba na mlipaji wake, na mwandishi na mashahidi wake pia, basi na atubu, amalize deni, asirudie. Lakini njiani nikirudi nilijiuliza: je, mashahidi wa jambo hili si sisi? Nani aliyemwacha mtoto huyu afike mbele ya turubai lile hana elimu wala mshauri, na mfukoni hana hata senti aliyoichuma mwenyewe?

Tulitazame kwanza lile neno la baba, maana limezoeleka midomoni mwetu kutoka Tanga hadi Lamu. Hadithi ipo, sikatai. Lakini maulamaa wengi hawakuielewa kuwa mali ya mwana ni milki ya baba. Hoja yao ni nyepesi, hata mtoto wa chuoni ataifahamu. Katika Suratun Nisaa, aya ya 11, mwana akifa naye ameacha mtoto, babake hupewa sudusi, yaani fungu moja katika sita. Lau mali yote ilikuwa ya baba tangu hapo, angerithije sehemu ya sita ya kitu chake mwenyewe? Wema kwa wazazi ni wajibu, na baba mhitaji ana haki ya kulishwa na mwanawe. Lakini kuifanyia mali ya mwana harusi ya ndugu yako bila idhini yake si kulishwa. Huko ni kukaa juu ya mfereji na kuyafunga maji.

Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 6, Mola wetu amewaamrisha walezi wa mayatima wawajaribu watoto hao mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona wamepata busara wawakabidhi mali yao, tena mbele ya mashahidi. Angalia neno hilo: wawajaribu. Mtu hajaribiwi kwa kuambiwa. Hujaribiwa kwa kupewa kidogo, akatazamwa anavyokitumia, akakosoa, akaelekezwa. Ikiwa hivyo ndivyo kwa yatima aliye katika mikono ya mlezi, vipi kwa mwanao aliyechuma kwa jasho lake? Serikali inamhesabu mtu kuwa mzima akitimiza miaka 18, na kabla ya hapo benki itamtaka mzazi au mlezi asimame naye. Basi miaka 16 na 17 ndiyo miaka ya jaribio. Mfungulie akaunti, simama naye, lakini jua kuwa jina lako katika fomu ni la mlezi, si la mwenye mali.

Wako watakaosema: "Benki zote ni riba, bora fedha zikae nyumbani." Ewe ndugu, hizo za nyumbani ndizo zilizoliwa kule Chekereni. Na udhuru huu ulikuwa na uzito zamani, leo umepungua sana. Tangu Februari 1967 benki zilipotaifishwa, kwa miaka mingi Mtanzania alikuwa na Benki ya Taifa ya Biashara na nyingine chache tu. Sheria ya mwaka 1991 ilifungua mlango kwa benki binafsi. Mwaka 2011 ikaanza Amana Bank, ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, na Benki ya Watu wa Zanzibar nayo ikafungua huduma za Kiislamu. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamekwisha tangulia kwa Gulf African Bank mwaka 2008. Na asili ya mambo haya haikuwa kwa matajiri wa Ghuba. Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Mit Ghamr huko Misri, Ahmad El-Naggar alianzisha benki ya akiba isiyo na riba kwa wakulima na watu wa kipato kidogo. Mwaka huo huo Malaysia ikaanzisha mfuko wa akiba kwa wanaotaka kuhiji, ili watu wasiuze mashamba yao kwa ajili ya safari. Wakulima wa mto Nili waliweza. Wa mto Rau kwa nini wasiweze?

Wengine watasema: "Tawi la Kiislamu liko mbali nasi." Sawa. Lakini fedha huwekwa kwa njia nyingi, na si kila akaunti ina riba. Iko akaunti ya hundi, au ya amana tu, ambayo benki hukuhifadhia fedha wala haikupi nyongeza. Na iko akaunti ya akiba, ambayo benki hukuongezea asilimia iliyowekwa juu ya mtaji wako. Hiyo ndiyo riba, ijapokuwa imeitwa faida. Mwanao na achague ile ya kwanza.

Wa tatu atasema: "Hizo za Kiislamu ni jina tu." Huenda mahali pengine ni kweli, nami sitaki kijana aingie benki kwa sababu ya mwezi na nyota ukutani, kama vile sitaki aingie kwa sababu ya fulana. Lakini jina hupimwa kwa maswali. Aulize: Makato ya kila mwezi ni kiasi gani, na ya kadi, na ya kutoa? Je, akaunti hii imefungwa pamoja na mkopo wa simu, na naweza kuukataa? Kama ni mudharaba, faida inagawanywa kwa fungu gani, na hasara ikija ni ya nani? Akiahidiwa kiasi maalumu juu ya mtaji wake, kisichopanda wala kushuka, na aondoke, hata kama anayemwahidi amevaa kanzu. Na fomu aisome kwa Kiswahili, au asomewe na mtu amwaminiye, kabla ya kutia mkono. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni. Vipi umma wenye aya hiyo utie sahihi usilolisoma?

Wala nisisahau mabinti. Mtoto wa kike auzaye maandazi au ashonaye kofia anachuma kama kaka yake, na Qur'ani imesema waziwazi kuwa wanawake wana fungu katika walichokichuma. Fedha zake kuwekwa kwa kaka "kwa kuwa ye ni mwanamume" ni dhulma ile ile kwa mfereji mwingine.

Msidhani nawasema watu wa Chekereni pekee. Kijana wa Pangani arudiye na samaki wake, wa Pemba achumaye karafuu, wa Mombasa abebaye mizigo ya watu, wote wana baba, na wote wana turubai linalowangoja. Sisi tunakemea riba mimbarini, kisha nyumbani tunamfunza mwana kwamba fedha yake haiko salama kwetu. Akikimbilia kwa mgeni, tunamwita mpotevu.

Yule kijana aliniomba niseme na babake. Nilikwenda. Mzee alinisikiliza kimya, kahawa ikapoa mkononi, kisha akasema, "Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, maalim." Sikupata la kumjibu, kwa kuwa miaka yote hiyo mimi ni mmoja wa wale waliopaswa kumwambia.