Goma na Bukavu: umeme na safari za ghafla ndivyo vinavyochagua kompyuta

Mnunuzi anayeingia katika duka la kompyuta mjini Goma au Bukavu hukuta aina tatu: ya mezani, yenye skrini na kasha lake, laptopu, na tableti. Muuzaji humtajia bei na ukubwa wa memori. Lakini wanafunzi, wenye sekretaria za kando ya barabara na wafanyakazi wa mashirika wana swali lingine: siku umeme ukikatika, au siku watu wakilazimika kuhama, mashini hii itafaa nini?

Swali hilo lina sababu zake. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye liwali wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini aliamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waondoke, na watu mamia ya maelfu wakashika njia ya Sake, Rutshuru na Gisenyi, wengi kwa miguu. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipouteka mji, umeme, maji na intaneti vilikatika, bohari na maduka yakaporwa. Bukavu ilianguka katikati ya mwezi wa pili. Kwa saa kama hizo familia hubeba watoto, godoro, sufuria na karatasi za shule. Kompyuta ya mezani hubaki nyumbani, pamoja na kila kilichoandikwa ndani yake.

Hata siku za utulivu, umeme ndio unaoamua. Bukavu inategemea sana mabwawa ya mto Ruzizi, na mitambo yake ya zamani huzibwa mara kwa mara na taka za plastiki zinazotoka ziwani. Goma ina bahati kidogo kwa sababu ya bwawa la Matebe huko Rutshuru, lenye megawati 13, lakini waya zake hupita katika eneo la vita. Kompyuta ya mezani ya kawaida ya ofisi, pamoja na skrini, hula kati ya wati 80 na 150. Laptopu hula 30 hadi 60. Tableti hujaza betri yake kwa wati 10 hadi 20 tu. Maana yake, sahani moja ndogo ya sola na betri yake vinaweza kuendesha laptopu mchana kutwa, lakini vitachoka haraka mbele ya kompyuta ya mezani. Tena umeme ukikatika ghafla, ya mezani huzimika papo hapo na ukurasa ambao haukuhifadhiwa hupotea. Laptopu huendelea na betri yake.

Hata hivyo, wanaosema kompyuta ya mezani imepitwa na wakati wanakosea. Mwenye sekretaria anayechapa barua na kufotokopi vitambulisho kuanzia asubuhi hadi jioni hana haja ya kuibeba. Kibodi ikiharibika anabadilisha kibodi peke yake. Umeme ukiunguza sehemu inayoupokea, fundi wa mtaani anaweka nyingine kwa pesa kidogo. Kwenye laptopu, skrini iliyopasuka inaweza kugharimu karibu nusu ya bei ya mashini ya okazio. Na mwizi hakimbii kwa urahisi akiwa na kasha na skrini kwapani. Kwa mtu huyo, pesa ya jenereta ndogo au betri ya akiba ina faida kuliko pesa ya wepesi.

Tableti ina kazi yake maalumu. Wahesabu wa mashirika wanaopita kambini nyumba kwa nyumba hujaza maswali kwenye programu kama KoBoToolbox, ambayo hufanya kazi bila intaneti na kutuma majibu baadaye, mtandao ukipatikana. Haifiki kilo moja, na inajazwa kwa betri ileile ya mfukoni inayojaza simu. Lakini mwanafunzi anayedhani ataandika kazi yake ya mwisho wa masomo kwenye tableti, kurasa 60 zenye jedwali na maelezo ya chini, atakuja kununua kibodi, kisha waya wa kuunganisha flashi, na mwishoni atakuwa ametumia pesa ya laptopu.

Kwa hiyo kwa walio wengi laptopu inashinda, na sababu ya kwanza ni betri yake. Uzito wake wa kilo mbili unakuja baadaye. Shida ni ipi wanauziwa. Nyingi zinazofika hapa zimeshatumika katika ofisi za Ulaya au Marekani. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025 Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 kwa njia ya kawaida, na Windows 11 inakubali rasmi, kwa mashini za Intel, karibu zile tu za kizazi cha 8 na kuendelea. Makampuni ya huko yana sababu mpya ya kuondoa mashini zao za zamani, na baadhi lazima zitaishia katika masoko kama ya Birere. Maandishi «Core i5» kwenye kifuniko hayatoshi. Namba inayofuata ndiyo inayosema: i5-6300 ni ya kizazi cha 6, i5-8250 ni ya kizazi cha 8. Ya zamani inaweza kuendelea kwa Linux, lakini bei yake ipunguzwe.

Kuna jambo ambalo wakaaji wa Kivu wanalijua kuliko wauzaji wa Ulaya. Vifaa hivi vimekuwa vidogo kwa msaada wa tantalamu inayotoka kwenye koltani na kobalti ya betri. Rubaya, katika Masisi, inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, na iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa mwezi wa nne 2024. Mawe yanaondoka bei rahisi. Mashini inarudi imechakaa, kwa dola.

Wepesi nao una hatari yake. Kinachobebeka huibiwa, na hukaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani. Muuguzi mwenye orodha ya wagonjwa, au mtu wa shirika la raia mwenye majina ya mashahidi, anabeba usalama wa watu wengine ndani ya begi lake. Tableti za Android za miaka ya karibuni hufunga data zake kwa siri zenyewe, mradi mwenyewe ameweka namba ya kufungulia. Kwenye Windows ulinzi kamili wa BitLocker unapatikana katika toleo la Pro, na laptopu nyingi za ofisi zinakuja nalo, lakini mara nyingi halijawashwa. Nakala ya pili iwe kwa ndugu wa mji mwingine au kwenye akaunti ya intaneti. Flashi iliyo katika begi lilelile itapotea pamoja na laptopu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe waya wa umeme uchomolewe, kisha acheze video kwa nusu saa palepale dukani. Windows pia ina amri, powercfg /batteryreport, inayoonyesha betri ilikuwa na nguvu kiasi gani ikiwa mpya na imebaki na kiasi gani. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, bei ya betri nyingine iondolewe kwenye bei ya mashini. Muuzaji akikataa kuchomoa waya, duka la jirani liko wazi.